Nahodha wa Chini ya Bahari Alikuwa Mtu wa Bara

Siku moja ya soko hapa Marani, Kisii, mvua ilitufukuza sote chini ya kibaraza cha duka. Karibu nami alisimama mzee mmoja na mikungu yake ya ndizi, na binti yake wa miaka kumi hivi, sufuria mpya waliyonunua ikiwa miguuni pake. Mtoto alikuwa amepakata kitabu kilichochakaa, jalada limeng'oka, kurasa zimejikunja pembe. Akauliza: "Tata, hii meli inazamaje, halafu inarudi juu tena?"

Baba hakukasirika. Alimjibu kwa upole, kama mtu anayemwondolea mwanawe mzigo usio wake. "Achana na mambo ya bahari, mama. Bahari ni ya watu wa Mombasa. Wewe soma kitakachokusaidia."

Mtoto akafunga kitabu.

Kitabu kile nakijua. Ni hadithi ya nahodha Nemo na nyambizi yake Nautilus, aliyoiandika Mfaransa Jules Verne na kuitoa kwa sehemu jaridani kati ya 1869 na 1870. Na jibu la baba yule nalijua zaidi, kwa sababu si lake peke yake. Nimelisikia darasani, nimelisikia kwenye harambee za karo, nimelisikia kwa watu waliosoma kuliko mimi. Sisi watu wa milimani na bahari wapi na wapi? Bahari ina wenyewe. Nasema wazi leo: imani hiyo si kweli, na inawapunja watoto wetu.

Nianze na kitabu chenyewe, kwa kuwa ndicho kilichofungwa. Hadithi inaanza kwa uvumi: mwaka 1866 mabaharia wa mataifa mengi wanaripoti mnyama mkubwa baharini, mwenye mwanga na mwendo wa ajabu. Profesa Aronnax, mtumishi wake Conseil na mvuvi wa chusa Ned Land wanapanda meli kumwinda. Wanapotupwa majini wanagundua kwamba mnyama ni wa chuma. Ni chombo cha mita 70, kinachoendeshwa kwa umeme, chenye maktaba ya vitabu 12,000, na kinaongozwa na mtu asiyetaka kusema anatoka wapi. Wanasafiri naye ligi 20,000, hesabu iliyo katika jina la kitabu, na wengi hudhani hicho ni kipimo cha kina. La. Ni urefu wa safari, kilomita zipatazo 80,000, sawa na kuizunguka dunia mara mbili. Katika safari hiyo wanapita kwenye Bahari Hindi, hii yetu. Huko Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, nahodha anamwokoa mzamiaji maskini wa lulu kutoka kwa papa, kisha anamtilia mkononi kifuko cha lulu.

Nahodha huyo ni nani? Jina lenyewe, Nemo, kwa Kilatini maana yake ni "hakuna mtu". Verne aliificha siri mpaka kitabu cha baadaye kuhusu kisiwa cha ajabu, kilichokamilika 1875. Hapo ndipo tunaambiwa: Nemo ni mwanamfalme Dakkar, mzaliwa wa Bundelkhand, aliyepigana na Waingereza katika uasi wa India wa 1857, akashindwa, na jamaa zake wakauawa. Sasa tazama ramani. Bundelkhand iko katikati ya India. Ni nchi ya vilima, miamba na ukame, na kutoka huko hadi pwani ni mamia ya kilomita. Nahodha mashuhuri kuliko wote wa chini ya bahari katika vitabu vya dunia alikuwa mtu wa bara, na wala hakumwomba mtu wa pwani kibali cha kuijua bahari.

Verne mwenyewe hakuomba kibali pia. Mwaka 1863 alitoa hadithi ya wasafiri watatu wanaopaa kwa puto kutoka Zanzibar, wakavuka juu ya ziwa ambalo sisi Abagusii tunaliita Enyancha. Hakuwahi kufika Zanzibar, wala kuliona ziwa hilo kwa macho yake. Mfaransa alijipa ruhusa ya kuliwaza ziwa letu akiwa kwao. Sisi hatujipi ruhusa hata ya kuiwaza bahari ya nchi yetu wenyewe.

Najua mtaniambia hayo ni ya vitabuni. Haya, tutoke vitabuni. Tarehe 23 Januari 1960, watu wawili walishuka hadi chini kabisa ya bahari, kwenye shimo la Mariana katika Pasifiki, karibu kilomita 11 kutoka usoni mwa maji. Ukiuzamisha Mlima Kenya wote huko, kisha juu yake ukabandika mwingine kama huo, kilele hakitaufikia uso wa maji kwa zaidi ya mita 500. Mmoja wa wawili hao alikuwa Mmarekani wa jeshi la majini, Don Walsh. Wa pili aliitwa Jacques Piccard, raia wa Uswisi. Uswisi haina bahari hata tone. Ni nchi ya milima, ng'ombe wa maziwa na maziwa ya maji baridi, na mtu wa Kisii angejiona yuko nyumbani huko kama si baridi.

Chombo chao, Trieste, kilibuniwa na babake Jacques, Profesa Auguste Piccard. Mzee huyu alianzia angani. Mwaka 1931 alipaa kwa puto hadi zaidi ya mita 15,000. Kisha akafikiri: kinachoniwezesha kupaa kinaweza pia kuniwezesha kushuka na kurudi. Badala ya puto la gesi nyepesi kuliko hewa, akatengeneza tangi kubwa la petroli, kwa sababu petroli ni nyepesi kuliko maji. Chini yake akaning'iniza chumba cha chuma kinene cha kukaa watu, na akapakia chembe za chuma za kuongeza uzito. Wakitaka kurudi juu, wanazimwaga zile chembe. Basi. Hesabu hiyo haikuhitaji mtu aliyelelewa ufukweni. Ilihitaji mtu ambaye swali lake halikufungwa alipokuwa mdogo.

Hata hivyo, ubaya mkubwa wa imani hii ni kwamba inatufanya tusione bahari iliyokwisha kufika Marani.

Imo jikoni. Chumvi tunayotia kwenye mboga zetu za chinsaga na managu inavunwa kwa wingi kule Gongoni na Marereni, kaunti ya Kilifi, ambako maji ya Bahari Hindi huingizwa kwenye mabwawa yakakaushwa na jua. Imo mfukoni. Simu unayotumia kuulizia bei ya ndizi au kumtumia mtoto karo haiongei na anga, kama wengi wanavyodhani. Mawimbi yake yanafika kwenye mnara tu. Kutoka hapo, ujumbe wa kwenda ng'ambo unapita kwenye waya uliolazwa chini ya bahari. Mmoja wa nyaya hizo, TEAMS, ulifika Mombasa mwaka 2009 kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilidorora Afrika Mashariki nzima. Waliokuwa wakilalamikia simu zao huko milimani walikuwa wakilalamikia jambo lililotokea chini ya bahari, na wengi hawakujua.

Imo mawinguni pia. Mwishoni mwa 2019, maji ya Bahari Hindi upande wetu yalipata joto kuliko kawaida, na yale ya upande wa Indonesia yakapoa. Mvua za vuli zikatupiga kwa nguvu isiyo ya kawaida. Novemba ile ardhi ilifukia watu Pokot Magharibi, na ilipofika 2020 ziwa Viktoria lilikuwa limefura likafurusha watu makwao. Mkulima anayetaka kujua kama vuli itakuwa nzito hana budi kuuliza habari za bahari.

Na sisi tunairudishia bahari kilicho chake. Mto Gucha unabeba maji ya milima ya Gusii, na udongo wetu ndani yake, hadi ziwa Viktoria. Ziwa linamwagia Nile. Nile inaingia bahari ya Mediterania. Wahenga walikwisha kusema: bahari iliko ndiko mito iendako. Mkoa wetu wa zamani uliitwa Nyanza, yaani maji makubwa, na jina hilo watu wetu walilibeba katika karatasi zao zote. Halafu tunamwambia mtoto kwamba maji makubwa hayamhusu.

Kuna sheria pia. Nchi ya pwani ina haki ya rasilimali za bahari hadi maili 200 za baharini, kama kilomita 370, umbali unaopita ule wa kutoka Kisii hadi Nairobi. Wazo hilo la eneo la kiuchumi la baharini lilipiganiwa na Kenya kabla dunia haijalikubali. Mwanasheria wetu, Frank Njenga, alilipeleka kwenye vikao vya nchi za Asia na Afrika, na mwaka 1972 Kenya ikaliwasilisha Umoja wa Mataifa. Mkataba wa 1982 ukalitia sheriani. Mkataba huohuo unasema kwamba sakafu ya bahari nje ya mipaka ya nchi zote ni urithi wa wanadamu wote. Wanadamu wote. Marani imo. Leo makampuni makubwa yanazitolea macho madini yaliyoko huko chini, na mazungumzo yanafanyika Kingston, Jamaika. Na tarehe 12 Oktoba 2021, mahakama ya The Hague ilipochora mpaka wa bahari kati yetu na Somalia, Kenya ilipoteza sehemu ya eneo ililodai. Je, waliopoteza ni watu wa Lamu peke yao? Mtu hawezi kuulinda urithi aliofundishwa kwamba si wake.

Nayajua majibu. La kwanza: karo haijalipwa, bonasi ya chai ni kidogo, shamba limegawanywa mpaka limebaki kishoroba, huu si wakati wa hadithi. Mimi nasema shamba lililobaki kishoroba ndiyo sababu hasa. Kama ekari haitoshi watoto watano, basi tuwafungulie mahali pengine pa kusimama. Kuna chuo cha mabaharia Mombasa, kuna taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, kuna jeshi la majini linaloandikisha vijana kutoka kaunti zote. Sijawahi kumsikia mzazi wa hapa akimwambia mwanawe: kasomee bahari. Tunajua udaktari, ualimu, sheria na uhandisi wa barabara. Hatukukatazwa na mtu. Tumejikataza.

La pili linatoka kwa ndugu zetu wa Pwani, na nalisikiliza kwa heshima: watu wa bara tayari wamejaa bandarini, sasa mnawaita waje zaidi? Wasiwasi huo una haki yake. Sisemi mtu yeyote aende kumsukuma mwenyeji. Wavuvi wanaijua bahari kuliko vitabu. Samaki wa kale, silikanti, ambaye wanasayansi waliamini ametoweka kwa miaka milioni nyingi mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938, wavuvi wa Ngazija walikuwa na jina lake, gombesa. Baadaye alinaswa Malindi, na akanaswa tena na tena Tanga. Ujuzi huo uheshimiwe na ulipwe. Lakini bahari inapohesabiwa kuwa shida ya watu wa Pwani tu, ni nani Nairobi au Kisii atakayesimama nao matumbawe yakifa au samaki wakikombwa na meli za kigeni? Mwenyeji hapungukiwi kitu jirani anapojali.

Kwa hiyo nina maombi. Walimu wetu, mnapofundisha maji, msiishie mtoni. Ufuateni mto hadi mwisho wake. Wenye kugawa basari, mtoto akitaka kusomea bahari msimcheke. Tuwapeleke wanafunzi wakalione hata ziwa, ambalo si mbali na hapa. Tuwafundishe kuogelea, kwa sababu watoto wetu wanakua wakiyaogopa maji badala ya kuyajua, na kila msimu wa mvua tunasikia mto umemchukua mmoja.

Ombi langu kubwa ni kwa baba yule, na kwa wazazi wote walio na moyo wake mwema. Swali la binti yako lilikuwa na jibu, na jibu halikuwa Mombasa. Sufuria mliyonunua siku ile ilikuwa pale miguuni pake. Itie tupu kwenye beseni la maji, itaelea. Ijaze maji, itazama. Imwage, itaelea tena. Nautilus ilizama na kuibuka hivyohivyo: ilikuwa na matangi, ikayajaza maji ilipotaka kushuka, ikayatoa kwa pampu ilipotaka kupanda. Nyambizi za leo nazo hujaza matangi maji na kuyatoa, ila huyasukuma nje zaidi kwa hewa iliyoshindiliwa.

Mtoto anayeosha vyombo kila jioni amekwisha kuliona jambo hilo mara mia. Alihitaji tu mtu mmoja wa kumwambia kwamba aliloliona ndilo hilo, kisha amrudishie kitabu chake kikiwa wazi.