KUVUNJA KOMANDE: NI HAKI AO NI UONGO?



Siku ya posho iliyopita, kwenye majadiliano yetu ya kila juma, mwalimu wetu wa biashara alitupa swali hili. Mutu mumoja amekwenda kwa muuzaji, ameagiza motokari mupya ambayo haijafika bado. Ametia saini, ametoa avansi. Kisha mwezi mumoja anaona motokari ingine kwa muuzaji mwingine, na bei yake iko chini. Je, ana haki ya kuvunja komande ya kwanza?

Wengi walicheka. Mwenzetu mumoja akasimama akasema: «Mwalimu, hapa hakuna hata mutu mumoja wa kununua motokari ya mupya. Baba zetu wanapanda moto, sisi tunatembea na miguu. Swali hili ni la watu wa Ulaya.» Watu wakapiga mikono. Na sisi wakubwa wa wanafunzi tulicheka pamoja nao. Lakini kufika jioni hatukucheka tena, na mutaona mbele kwa sababu gani.

Kwanza tueleze jambo lenyewe, maana wadogo wa darasa la kwanza na la pili hawakuwapo. Motokari mupya si kilo ya maharagi inayokaa juu ya meza sokoni. Muuzaji anaandikia kiwanda kwamba muteja wake anataka rangi fulani, injini fulani, viti fulani, na usukani wa upande fulani. Kiwanda kinaitia katika mpango wake, inatengenezwa, inapanda meli. Kama ni ya kuja huku kwetu, inashuka Mombasa, inavuka Uganda, inaingia kwa duane ya Kasindi. Kazi hii inakula miezi, na feza ya muuzaji ao ya banki yake inakaa ndani ya ile motokari wakati wote huo.

Tena kuna jambo la usukani. Kongo tunapita upande wa kuume wa barabara, basi usukani wa motokari zetu unapashwa kuwa kushoto. Uganda na Kenya wanapita kushoto, usukani wao uko kuume. Basi motokari iliyoagizwa kwa ajili ya Butembo, na muteja anaikataa wakati imekwisha kufika Kampala, muuzaji ataiuza kwa nani pale? Watu wa Kampala hawaihitaji. Imetengenezwa kwa mutu mumoja, na mutu huyo ameondoka.

Kwa hiyo tuliona kwamba saa ya kuvunja ni jambo kubwa. Mutu anayerudi kesho yake asubui, mbele muuzaji hajaandikia kiwanda, anamutia hasara gani? Ya karatasi moja pengine. Yule anayerudi wakati meli iko baharini anamutia hasara nyingine kabisa. Wote wawili wamevunja neno, lakini mizigo yao si sawa.

Mwenzetu wa pili akauliza: «Na kama ni muuzaji anayechelewa?» Swali zuri. Mwaka 2021 viwanda vingi vya motokari vilikosa vipande vidogo vya elektroniki, na watu wa inchi mingi walingoja miezi na miezi. Kama muuzaji aliahidi miezi mitatu, na mwezi wa kumi umefika bila kitu, muteja akisema «nirudishie feza yangu», sisi hatuoni kosa. Neno la muuzaji limevunjika mbele ya neno la muteja.

Wengine wakasema kwamba wakubwa wa biashara nao wanavunja, basi sisi wadogo tujifunge juu ya nini? Mwalimu akatupa habari ya kampuni ya Rivian ya Marekani. Mwezi wa tatu wa mwaka 2022 ilipandisha bei ya motokari zake, hata kwa watu waliokuwa wamekwisha kuagiza zamani kwa bei ya kwanza. Wateja walikasirika, wengi wakavunja komande zao. Kisha siku mbili tu mukubwa wa kampuni aliomba musamaha, akasema wa zamani watalipa bei yao ya zamani. Angalieni vema: hata katika inchi ya pesa, watu walijua kwamba jambo lile lilikuwa baya, na aliyelifanya alijua pia. Kama ni baya kwa muuzaji, halitakuwa zuri kwa munuzi.

Kuna kuvunja kusiko na zambi, tunakubali. Mwaka 2016 kampuni Tesla iliomba dolari 1,000 kwa kila mutu aliyetaka kuandikisha jina lake kwa motokari Model 3, na ilisema tangu mwanzo kwamba anayebadili mawazo atarudishiwa feza yake. Mutu aliyejitoa pale hakudanganya mutu. Pande mbili zilijua mulango uko wazi. Ubaya ni kupita mulangoni ambako mwenzako alifikiri ni ukuta.

Sheria nayo inasema nini? Sheria yetu ya mapatano ni dekre ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888. Kifungu chake cha 33 kinafundisha kwamba mapatano yaliyofanywa kwa haki yanakuwa kama sheria kwa wale walioyafanya. Ndiyo, iliandikwa wakati wa Leopold II, mutu ambaye hakuwatendea babu zetu haki. Lakini neno lenyewe ni la kweli, na babu zetu walilijua mbele yake, wakati walipopatana mbuzi za mahari mbele ya wazee bila karatasi.

Na sheria ya Wafaransa ya mwaka 1804, kifungu 1590, inasema juu ya feza ya kushika ahadi. Kama munuzi anajitoa, feza ile inapotea. Kama muuzaji anajitoa, anairudisha mara mbili. Lakini kuna feza ingine, ile ya kuanza kulipa bei. Mwenye kutoa hiyo amekwisha kununua, anabaki na deni ya mabaki yote. Huku kwetu tunaziita zote mbili «avansi», tunatia mufukoni, hatuulizi. Kisha ugomvi unakuja, na kila mutu anasema avansi ile ilikuwa ya namna inayomufaa yeye.

Sasa tufike nyumbani.

Wenzetu wa darasa la sita, munajua tuko 41. Mwezi uliopita tulikwenda kwa Papa Fundi kule chini ya soko, tukaagiza mashati 41 ya siku ya kuaga masomo, ya rangi ya masomo yetu, na alama ya masomo juu ya kifua. Bei dolari 9 kwa shati moja, yaani dolari 369. Tulitoa avansi dolari 120. Sisi wawili wa kamiti ndio tuliotia saini. Papa Fundi alikuja hapa mangaribi mbili kutupima, kila mutu na mabega yake. Kisha alinunua kitambaa cha dolari 205: 120 zetu, na 85 alizokopa dukani kwa jina lake mwenyewe.

Juma hili mutu mumoja ameona mashati tayari sokoni, yametoka Kampala, dolari 6 tu. Na habari imekimbia kama moto wakati wa kiangazi: «Tumuache yule muzee! Mafundi nao wanatuzoea, kila siku kesho, kesho. Tuchukue ya soko!» Na siku ya posho ijayo mambo haya yatapigiwa kura.

Tuseme kweli yote. Sisi wenyewe wa kamiti tulikwenda sokoni kuyaangalia yale mashati. Tuliyashika. Tulifurahi. Tulianza hata kutafuta maneno ya kumwambia Papa Fundi. Na asubui yake tulikaa katika majadiliano, tukasikia habari ya motokari, tukacheka, tukapiga mikono kwa yule aliyesema ni swali la Ulaya. Ni jioni tu, wakati wa kuhesabu sanduku la darasa, ndipo mumoja wetu alisema: «Ndugu, ile motokari ni mashati yetu.» Hatukupata jibu.

Basi tukahesabu, maana sisi ni watu wa Komersiale. Mashati 41 ya soko kwa dolari 6 ni dolari 246. Ongezeni avansi 120 tutakayoiacha kwa Papa Fundi, inakuwa 366. Kwa Papa Fundi ni 369. Faida yetu, darasa zima, ni dolari 3. Mugawanye kwa watu 41: haitoshi kununua ndazi moja kwa mutu. Basi anayesema kuna faida kubwa anafikiri kitu ambacho hakisemi na kinywa, ni kwamba tumunyanganye Papa Fundi ile avansi pia. Na ile avansi imekwisha kuwa kitambaa.

Na kitambaa kile atakiuza kwa nani? Rangi ni yetu, alama ni yetu, vipimo ni vya mabega yetu. Ni usukani wa kushoto katika Kampala. Hata katika inchi za Umoja wa Ulaya, ambako sheria ya mwaka 2011 inamupa munuzi siku 14 za kurudisha kitu alichokinunua kwa mbali, sheria ileile inakataa kwa kitu kilichotengenezwa kwa kipimo chake mwenyewe. Hao watu wa Ulaya tuliowacheka wamefikiri juu ya fundi wa nguo kutupita sisi.

Wanasema mafundi wanachelewa. Ni kweli, wengi wao wanachelewa, na sisi sote tumekwisha kuvaa suruali ya Noeli katika mwezi wa kwanza. Lakini huyu alisema tarehe 28, na tarehe 28 haijafika. Hatuwezi kumuhukumu mutu kwa kosa la mafundi wengine, na kwa siku ambayo bado. Kama tarehe 28 inapita bila mashati, sisi wawili tutakuwa wa kwanza kwenda kumudai.

Kuna jambo moja tusilichanganye na hili. Wenzetu wawili wamekimbia vijiji vyao juu ya vita, na wazazi wao hawana namna ya kumaliza dolari zao. Hao hawakuvunja neno. Asiyeweza na asiyetaka si mutu mumoja. Tunaomba kila mutu aliye na nguvu aongeze kidogo, deni yao ni dolari 12 kwa wote wawili. Na kwa kila mutu atakayepatwa na taabu ya kweli siku moja, sisi tunaona njia ni hii: aende mapema, aende yeye mwenyewe na uso wake, aseme kweli, na alipe hasara aliyoileta. Asimutume mutoto na barua. Asibadilishe njia akimuona fundi.

Tunajua wengine watasema tunahubiri. Pasta ana siku yake, hatutaki kazi yake. Lakini kila siku asubui tunaimba pamoja katika kapela, na Matayo 5:37 tumeisoma sote, inayosema juu ya ndiyo na hapana. Pale hapakuandikwa kwamba ndiyo inakuwa hapana kama bei ya soko inashuka.

Na tufikiri wadogo wetu. Mwaka ujao darasa la tano watakuwa wafinaliste. Watakwenda kwa fundi yuleyule, ao kwa jirani yake. Mafundi wanaongea wao kwa wao. Kama tunavunja, fundi atawaambia wadogo: «Leteni bei yote mbele, ninyi watoto wa masomo yale ninawajua.» Tutaondoka na diploma, na wao watalipa dolari zetu 3.

Kwa hiyo mawazo yetu ni haya. Siku ya posho tupige kura ya kuendelea na Papa Fundi. Mabaki ya feza yaletwe kwa kamiti mbele ya tarehe 28. Na tangu sasa, kila komande ya darasa iandikwe kwa karatasi mbili, moja kwetu na moja kwa fundi: kitu gani, bei gani, siku gani, na kila upande utalipa nini kama unajitoa. Karatasi moja inazuia ugomvi mingi.

Kama kura inatushinda, tutafanya kitu kimoja tu. Sisi wawili tulioweka saini tutakwenda kwa Papa Fundi kumwambia wenyewe, na shati mbili kati ya zile 41 tutazinunua kwa bei tuliyopatana. Siku ya kuaga mutatuona na rangi ingine. Tunatumaini haitafika pale.

Kwa jina la kamiti ya wakubwa wa wanafunzi,
Kapita wa masomo, darasa la sita Komersiale