Nyati Waliorudi kwa Gari la Moshi

Nyati wa Marekani si kama huyu wetu. Ana manyoya mazito na nundu begani. Zamani walijaa mbugani huko kwa mamilioni. Wakomanchi na jirani zao walikula nyama yake, na kwa ngozi yake wakajifunika na kutengeneza mahema. Ikaja reli, na wawindaji wenye bunduki. Ngozi zikapakiwa mabehewa kwa mabehewa, nyama ikaachwa ioze. Kabla ya mwaka 1890 nyati hawakufika hata elfu moja, na wenyeji wakabaki na njaa.

Mwaka 1907 nyati 15 wa bustani ya wanyama ya New York walisafirishwa kwa gari la moshi mpaka milima ya Wichita, Oklahoma. Leo wako mamia.

Labda msomaji atauliza, ng'ombe hawatoshi? Hawatoshi. Nyati hugaagaa vumbini mpaka pakawa shimo. Mvua ikinyesha maji hutuama humo, na vyura huzaa.

Huko Montana, mwaka 2023, kabila la Blackfeet liliwafungulia nyati wake karibu na Chief Mountain, waende watakako.