Hivi utingo naye ni kamba?

Hivi wadau, mmeshawahi kuangalia vizuri pikipiki iliyopakiwa kwenye pikapu au kirikuu? Simaanishi pikipiki yenyewe. Namaanisha yule kijana aliyekaa nayo nyuma. Mara nyingi amechuchumaa, mgongo ameuegemeza kwenye ubavu wa bodi, mkono mmoja ameshika usukani wa pikipiki, mwingine umeshika keria, na goti amelisukumia kwenye tenki. Gari likipiga tuta, yeye na pikipiki wanaruka pamoja. Likikata kona, anajilaza upande wa pili kama baharia wa ngalawa. Gari liko spidi 60, wakati mwingine 80, na sisi wote barabarani tunaona ni jambo la kawaida kabisa.

Mimi naona tumemgeuza binadamu kuwa kamba.

Nisieleweke vibaya. Siwapingi wenye kirikuu, na pikipiki kupanda gari ni jambo lisiloepukika. Injini imekufa Mbezi na fundi yuko Ilala. Mtu kanunua pikipiki mpya Kariakoo, haina namba, anaipeleka Mkuranga. Dereva wa bodaboda kavunjika mguu na chombo kimebaki mtaroni. Kwa vijana wengi wa mji huu kirikuu ndiyo gari la wagonjwa la pikipiki. Ninachopinga ni namna inavyofungwa, au niseme ukweli, namna isivyofungwa.

Tupige hesabu kidogo, hata wewe uliyekimbia fizikia kidato cha pili. Bodaboda za kawaida tunazopanda kila siku zina uzito wa zaidi ya kilo 110 bila mtu juu. Tuchukue kilo 120 kurahisisha. Kanuni za Marekani za kufunga mizigo kwenye malori zinataka ufungaji uweze kuhimili nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo kuelekea mbele, yaani pale dereva anapokanyaga breki ghafla, na asilimia 50 kuelekea nyuma na pembeni. Kwa pikipiki yetu hiyo ni kilo 96 kwenda mbele na kilo 60 kwenda ubavuni.

Kilo 60 ni mfuko wa saruji na ndoo ya maji ya lita 10 juu yake. Sasa mwambie kijana aliyechuchumaa, asiye na cha kujishikilia zaidi ya mzigo wenyewe, auzuie mfuko huo usimwangukie, na asijue utamjia sekunde gani. Breki ikikanyagwa anazuia karibu mifuko miwili. Hawezi. Wewe huwezi, mimi siwezi, hata mbeba zege wa Tandale hawezi. Siku zote anapofika salama ni kwa sababu hakuna mtoto aliyekatiza barabara.

Na barabara zenyewe zimebadilika. Tangu ile ya Morogoro ipanuliwe kuwa njia nane kati ya Kimara na Kibaha, magari yanakimbia kuliko zamani, na kirikuu nazo zinakimbia.

Mimi nilianza kuliwaza jambo hili baada ya kujikuta nafuatilia, kwa udadisi tu, mambo ya pikipiki za theluji. Ndiyo, zipo. Jamaa wa milimani huko Marekani na Kanada wanachukua pikipiki ya mashindano ya matope, wanang'oa tairi la mbele na kuweka ski, kitu kama ulimi mpana wa kuteleza. Nyuma wanatoa tairi na kufunga mkanda mpana wa mpira unaozunguka kama minyororo ya katapila. Kampuni ya Timbersled, iliyoanzia Sandpoint katika jimbo la Idaho, ndiyo iliyoupa umaarufu mchezo huu, hadi Polaris wakainunua mwaka 2015. Pikipiki ikishavaa mavazi hayo inafika kilo 130 na zaidi, inakuwa ndefu kuliko mwanzo, na kwenye lami haibingiriki mbele. Kwa hiyo haiwezi kujipeleka mlimani. Lazima ipande pikapu, tena kwenye barabara ya barafu yenye kona.

Ni mchezo wa wenye pesa, sibishi. Lakini utawaangalia wanavyopakia mpaka usahau theluji yenyewe. Hakuna mtu anayepanda nyuma kushikilia. Hakuna kabisa. Kazi yote inafanywa na mikanda minne.

Na ujuzi wao si wa ajabu, unahamia kwenye pikipiki yenye matairi bila kubadilika. Tairi la mbele linasogezwa mpaka liguse ukuta wa bodi nyuma ya kebini, pikipiki ikiwa wima na imenyooka. Mikanda miwili inatoka karibu na shingo ya usukani, mmoja kulia na mwingine kushoto, inakwenda kwenye pembe mbili za mbele za bodi, ikivuta chini na mbele kwa pamoja. Kisha inakazwa, kidogo upande huu kidogo upande ule, mpaka shokapu za mbele zidididimie kama nusu hivi. Mikanda miwili ya nyuma inazuia mkia usicheze.

Hapo kwenye shokapu ndipo penye siri, na ndipo watu wengi wa kwetu tunapopakosa hata tunapokuwa na kamba nzuri. Pikipiki iliyofungwa bila kudidimizwa inabonyea yenyewe gari likiingia shimoni. Ikibonyea, kamba inalegea kwa nusu sekunde, kulabu inachomoka, na tuta linalofuata linaikuta haina kitu cha kuishika. Ukiididimiza mapema, shokapu inaisukuma kamba muda wote na kamba hailegei. Ila usizidishe ukaifikisha mwisho, utakuja kulia na sili zinazovujisha oili.

Mipira ya tyubu za zamani tunayoipenda sana nayo haifai kazi hii. Inafaa kufungia kreti la soda kwenye keria. Mpira unavutika, na kitu kinachovutika kinairuhusu pikipiki kuyumba, na kila inavyoyumba inazidi kuchukua kasi. Stendi ya pembeni nayo ikunjwe, isiachwe imesimama. Ukikaza mkanda huku pikipiki imeegemea stendi, unaikaza stendi, na ikikatika kila kitu kinalegea kwa mpigo mmoja. Mengine madogo: weka gia ya kwanza, funga koki ya mafuta kama ipo.

Kupakia kwenyewe tunajua, ingawa tunapenda sifa. Vijana watatu wananyanyua tairi la mbele, halafu la nyuma, kwisha. Sawa, lakini kama kuna ubao, ufungwe kwenye gari usije ukateleza nyuma wakati pikipiki iko katikati. Kama kuna kingo ya mtaro au mwinuko wa ardhi, dereva arudishe gari hapo, ubao utalala na migongo ya watu itapona.

Pikapu ya milango minne ina tatizo lake. Bodi yake ina urefu wa mita 1.5 hivi, na pikipiki inafika mita 2. Mlango wa nyuma unabaki wazi, tairi linakaa juu yake, na yule kijana wetu anakaa wapi? Kwenye huo huo mlango, miguu inaning'inia. Bodi ya kirikuu ni ndefu zaidi, lakini ubavu wake haufiki hata gotini. Pikipiki ikilala upande wake, itatoka naye.

Najua jibu litakalokuja: hayo ni mambo ya wazungu, hapa maisha magumu. Nalikataa. Mkanda ukinunuliwa unatumika miaka, kijana analipwa kila safari. Kama ni ubahili tu, kamba ndiyo rahisi. Tunamtumia mtu kwa sababu nyingine, tusidanganyane. Kamba ikikatika, lawama ni ya aliyeifunga, yaani mwenye gari. Kijana akishindwa, lawama ni yake. Akidondoka nayo anaulizwa kwanza kama pikipiki imepona.

Na pikipiki isipopona? Wengi wanaoendesha bodaboda wana mkataba na mwenye chombo, wanapeleka hesabu kila siku kwa mwaka mzima au zaidi ndipo chombo kiwe chao. Mkono wa klachi uliopinda au tenki lililobonyea njiani halisimamishi hesabu ya kesho. Fundi naye anataka chake.

Hapo sijagusa malori yanayokusanya pikipiki zilizokamatwa. Hizo hata mtu wa kuzishikilia hazipewi, zinalazwa moja juu ya nyingine kama kuni. Pikipiki iliyolazwa inavujisha petroli kwenye mfuniko wa tenki, oili inapanda kwenye kichujio cha hewa, na betri ya maji inamwaga asidi juu ya zilizo chini yake. Mwenye kosa atozwe faini, sina ugomvi. Lakini sijawahi kuona faini iliyoandikwa "na vioo viwili, indiketa moja na usukani". Aliyekamata chombo cha mtu amekipokea kizima, akirudishe kizima. Lori la serikali kukosa mikanda haliwezi kusingizia maisha magumu.

Nilimweleza haya dereva mmoja wa kirikuu pale Manzese. Alicheka sana, hasa habari ya theluji, kisha akauliza kama mikanda hiyo ipo nchini. Ipo, nenda maduka ya vifaa vya magari Kariakoo, ile yenye kikazio cha chuma. Akauliza nani atamlipia. Nikamwambia aongeze kitu kidogo kwenye kila safari mpaka irudi, na mteja aambiwe pesa hiyo ni ya nini. Akafikiri kidogo, akauliza, sasa huyu dogo wangu atakuwa anafanya kazi gani?

Kufunga na kufungua, na njiani kukaa mbele. Kirikuu ina viti viwili. Mwenye pikipiki apande daladala, watakutana kwa fundi.