Picha ya Safari na Mwenyeji Asiyeonekana

Wengi wetu tumeziona picha hizo. Gari kubwa limeegeshwa kando ya ziwa, mlango wa nyuma uko wazi, ndani kuna kitanda kilichotandikwa vizuri, jiko dogo la gesi na kikombe cha kahawa kinachofuka mvuke. Nje kuna milima yenye theluji, wala haonekani mtu mwingine. Chini ya picha mwenye gari ameandika kwamba hiyo ndiyo sebule yake ya leo, na kesho atakuwa na nyingine.

Hayo ni magari-nyumba: magari yenye kitanda, jiko, tangi la maji na mara nyingi choo, ambayo watu wa Ulaya, Marekani, Kanada, Australia na New Zealand huyatumia kusafiri kwa wiki, miezi, hata miaka. Wengi wao ni wastaafu. Wamejenga desturi ya kuonyeshana picha na kusimuliana mambo ya njiani, na siku hizi desturi hiyo imefika hadi kwenye simu ya mseminari aliye mapumzikoni jioni, na ya mama wa parokiani anayesubiri zamu yake kliniki. Tunatazama, tunavuta pumzi, tunasema: wenzetu wanaishi.

Mtu anaweza kuuliza jambo hilo linatuhusu nini sisi ambao safari yetu ndefu ni ya basi. Tunaona linatuhusu, kwa sababu nasi tunasafiri, nasi tunapiga picha, nasi tunasimulia. Maoni yetu ni haya: simulizi ya safari hujenga pale inapotaja mahali msafiri alipokwama na mtu aliyemkwamua. Ikiwaficha hao wawili, hata kama kila picha ni halisi, imeshaanza kudanganya.

Tuanze na lililo jema, maana lipo. Anayesafiri kwa gari-nyumba ana mahitaji yaleyale kila siku: maji safi ya kujaza tangi, mahali pa kumwaga maji machafu na uchafu wa chooni, na mahali salama pa kulala. Kwa hiyo simulizi nyingi za watu hawa si za kujionyesha hata kidogo. Ni za kusaidiana. Mmoja anaeleza kuwa daraja fulani ni fupi mno kwa gari refu kwenda juu. Mwingine anataja fundi mwaminifu katika mji fulani. Mwingine anaonya kuwa barabara fulani haipitiki wakati wa mvua. Ipo programu ya simu iitwayo iOverlander ambayo taarifa zake hujazwa na wasafiri wenyewe, hivi kwamba aliyepita Zambia mwaka jana anamwachia neno atakayepita mwaka huu, ingawa hawatakutana kamwe. Huo ni upendo wa jirani wa kawaida kabisa, usio na makelele. Wanajumuiya wetu wangeutambua mara moja.

Hata hivyo, pamoja na simulizi hizo za msaada zipo za aina nyingine, nazo ndizo zinazosambaa zaidi. Mwaka 2011 kijana Mmarekani, Foster Huntington, aliacha kazi yake New York akahamia kwenye gari lake, na alama aliyoibandika kwenye picha zake, vanlife, ikawa jina la mtindo mzima wa maisha. Tangu hapo picha za kitanda na bahari zimekuwa kama picha takatifu za uhuru. Ndani yake hakuna foleni ya kumwaga choo, hakuna ugomvi wa wawili waliofungiwa ndani siku tatu za mvua, hakuna bili ya fundi. Haya yote yapo katika maisha hayo, ila hayaingii kwenye picha.

Tusidhani kwamba udhaifu huu umeletwa na simu. Mwezi Septemba 1960 mwandishi mashuhuri John Steinbeck aliondoka nyumbani kwake katika jimbo la New York akiendesha gari lenye kibanda cha kulala mgongoni, pamoja na mbwa wake Charley. Alitaka kuizunguka nchi yake ili aijue upya. Kitabu chake cha safari hiyo, Travels with Charley, kilitoka mwaka 1962, mwaka uleule alipopewa Tuzo ya Nobel. Wasomaji wengi walikipokea kama taarifa ya kweli ya mtu aliyelala peke yake garini chini ya nyota. Mwaka 2010 mwandishi wa habari Bill Steigerwald aliifuata njia ileile na kupekua kumbukumbu, akagundua kuwa Steinbeck alilala usiku mwingi hotelini, na kwamba sehemu kubwa ya safari alikuwa pamoja na mkewe. Toleo la miaka 50 la kitabu hicho likatoka na utangulizi unaomtahadharisha msomaji asichukue kila jambo kama lilivyoandikwa. Kitabu hakikuacha kuwa kizuri. Lakini angalia nani aliyepunguzwa ili upweke wa msafiri upendeze: ni mke.

Wapo pia wanaoishi garini kwa sababu kodi ya nyumba imewashinda. Mwandishi Jessica Bruder aliwafuatilia Wamarekani wazee ambao, baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, walihamia kwenye magari na kuzunguka wakitafuta vibarua vya msimu: kuvuna viazisukari, kupanga mizigo kwenye maghala, kusafisha vyoo vya kambi za watalii. Kitabu chake, Nomadland, kilitoka mwaka 2017, na filamu iliyotokana nacho ikapata Tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Gari ni lilelile, kitanda ni kilekile. Ukitazama picha tu, hutajua yupi yuko likizoni na yupi amekosa pa kwenda. Mchungaji asiyeweza kutofautisha hao wawili atawapongeza waliostahili kufarijiwa.

Lakini tumesoma pia habari za msafiri aliyebeba kumbukumbu yake kwa namna nyingine. Mjerumani Gunther Holtorf alianza kusafiri mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa gari la Mercedes alilolipa jina Otto. Yeye na Christine walilala humo, wakapika humo, wakazunguka dunia. Christine alifariki kwa saratani mwaka 2010. Gunther aliendelea na safari kama walivyoahidiana, picha yake ikiwa imening'inia ndani ya gari, hadi alipomaliza mwaka 2014, baada ya miaka 26 na karibu kilomita 900,000. Katika miaka yote hiyo hakuwa na mfadhili wala hakuhangaika kujitangaza. Sisi tunaiweka ile picha moja ndogo ndani ya gari juu ya maelfu ya picha za machweo, kwa sababu inakiri kwamba msafiri hakufika pale peke yake.

Kanisa linayo simulizi ya safari ya namna hiyo tangu mwanzo. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27 na 28, Luka anasimulia jinsi Paulo alivyopelekwa Roma kwa meli. Anasema “sisi”, maana naye alikuwamo. Hafichi dhoruba ya siku kumi na nne, wala hofu, wala shehena iliyotupwa baharini, wala meli kuvunjika. Anahesabu hata watu waliokuwamo, 276, kwa hiyo askari na wafungwa nao wamo kwenye picha. Wanapofika Malta wakiwa wamelowa, anawataja wenyeji waliowasha moto kwa sababu ya mvua na baridi. Tena anamtaja kwa jina Publio, aliyewakaribisha kwa siku tatu, na baba yake aliyekuwa mgonjwa na akaponywa Paulo alipomwombea. Mgeni njoo, mwenyeji apone: Wamalta waliyaona hayo kwa macho yao. Ondoa Publio na ule moto wa ufukweni, utabaki na hadithi ya shujaa. Injili haikuhitaji shujaa wa namna hiyo.

Sasa tujiangalie. Katika safari za magari-nyumba barani Afrika, viwanja vya misheni vimezoeleka kuwa mahali pa kuomba hifadhi ya usiku. Mgeni hupewa maji, choo na mlinzi, na pengine kahawa ya Padre asubuhi. Tunaumia tukiona kwamba katika picha alizorusha yamebaki gari, mbuyu na mtoto asiye na jina aliyepigwa picha bila mama yake kuombwa ruhusa. Uchungu huo ni halali. Ila kabla ya kumnyooshea kidole, tufungue simu zetu wenyewe.

Tunakwenda hija Namugongo kwa ajili ya sikukuu ya 3 Juni. Wapo wanaotembea kwa miguu siku nyingi, wakilala katika parokia za njiani, wakipikiwa na akina mama wasiowajua. Tukirudi, tunaonyesha picha za umati, za altare na za fulana zetu mpya. Akina mama wa masufuria hawamo. Wakati wa Kwaresima tunatembelea kituo cha watoto yatima na katoni ya sabuni na mfuko wa unga. Picha inapigwa wakati mkono unakabidhi, na mtoto anatakiwa atabasamu. Bwana alishatuonya kuhusu wanaopiga tarumbeta wanapotoa sadaka. Tarumbeta yetu siku hizi iko mfukoni.

Halafu kuna sisi mafrateri katika mwaka wa kichungaji. Frateri anapelekwa kigango cha mbali. Anapiga picha akiwa juu ya pikipiki katikati ya mto, kanzu imekunjwa, anatabasamu. Marafiki wanaandika: hongera mmisionari. Aliyeisukuma pikipiki ile hadi ng'ambo ni katekista, mzee ambaye amevuka mto uleule kila Jumapili kwa miaka mingi, kwa miguu, kuongoza ibada mahali ambapo Padre hufika mara chache kwa mwaka. Ndiye aliyeishika simu na kupiga hiyo picha. Hayumo.

Hapo ndipo tunapoona hatari kwa anayeandaliwa upadre. Mtu akizoea kusimulia miaka yake ya malezi bila katekista, atasimulia pia upadre wake bila Wakristo. Atasema “kanisa nililojenga”, kumbe lilijengwa na mawe yaliyobebwa vichwani na akina mama wa kigango.

Wapo watakaotupinga. Watasema picha huinjilisha, na kijana mmoja anaweza kuvutwa na wito kwa kuona picha ya pikipiki mtoni. Ni kweli, na hatuombi simu zizimwe. Papa Fransisko aliutoa ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni wa 2020 kwa ajili ya usimuliaji, akihimiza simulizi zinazojenga. Wengine watasema si kila jeraha ni la kuanikwa hadharani. Hilo pia ni kweli; msafiri ana haki ya siri zake, na mwenyeji naye anayo. Anayependa kukaa kimya na akae. Tunachokataa ni kusimulia kwa namna itakayomfanya msikilizaji aamini kwamba hapakuwa na tope, na wala hapakuwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu mepesi, kwa waseminari na kwa vikundi vya parokia. Kwanza, kabla ya kurusha picha ya mtu, mwombe ruhusa yeye, au mzazi wake kama ni mtoto, akikataa, basi. Pili, katika kila simulizi ya hija au ya utume, ataje msimuliaji angalau mwenyeji mmoja kwa jina, ikiwa mwenyewe ameridhia, na alichokifanya. Tatu, ataje mahali alipokwama, maana atakayefuata njia hiyo atahitaji kujua palipo na shimo kuliko palipo na mandhari. Wenye magari-nyumba walio makini wanafanya hili la tatu kila siku, na hapo tuna la kujifunza kwao.

Likizo inakaribia, na wengi wetu tutarudi tulikofanyia utume ili kusalimia. Tuombe kupiga picha moja zaidi pale mtoni. Safari hii frateri ndiye ashike simu, na mzee katekista asimame mbele.