Dhahabu Ipimayo Zebaki

Katika machimbo madogo ya Geita zebaki hutumika kunasia chembe za dhahabu, na sehemu yake huishia mitoni. Ajabu ni kwamba dhahabu hiyohiyo yaweza kuifichua. Mwaka 2009 wanakemia walieleza jinsi ya kuunda vishada vya atomi zipatazo 25 za dhahabu ndani ya protini ya damu ya ng'ombe. Vikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, vishada hivyo hung'aa wekundu. Vikikutana na ioni za zebaki, mng'ao hufifia. Maabarani, njia hii imetambua zebaki iliyo chini sana ya mikrogramu 6 kwa lita, kikomo kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa.

Wapo watakaotaka kipimo hiki kipelekwe vijijini mara moja. Haraka hiyo haifai. Maji ya mto wakati wa masika yana tope na rangi ya majani yaliyooza, navyo vyaweza kuufifisha mng'ao pasipo zebaki yoyote. Hofu ya bure ni hasara. Kumtuliza mwanakijiji kwa uongo ni hatari zaidi. Bakteria wa matopeni huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, nayo hujilimbikiza katika samaki. Kule Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956 uliletwa na samaki na chaza, wala si maji ya kunywa.

Basi kipimo kijaribiwe kwanza katika mito yenyewe, majira yote, na samaki wapimwe pia, kabla mtu hajaambiwa kwamba yu salama.