Ugali Unapokataa Kushuka

Ukifika Chepilat utapewa chai kabla hujamaliza kusalimia. Tena chai inayofuka moshi! Hapo ndipo nataka tuzungumze leo.

Saratani ya umio, ile njia ya chakula, imekita mizizi upande huu wa Bomet, wala haiwangojei wazee pekee. Wengine hawajatimiza miaka 30. Huanza kwa ugali kukwama, kisha uji, mwishowe hata maji. Wengi hufika hospitali wakati wa kupasuliwa umekwisha kupita.

Pale Tenwek, madaktari huingiza kamera kupitia mdomoni, kisha huacha ndani bomba la waya linalojipanua lenyewe. Kifua hakiguswi na kisu. Mwaka 2009 matokeo yao yalichapishwa katika jarida la Lancet Oncology: wagonjwa walimeza tena. Bomba haliponyi, tusidanganyane, lakini baba hurudi mezani akala na wanawe.

Na chai je? Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hii. Iache ipoe. Na ukimwona mzee anateremsha kila tonge kwa maji, usingoje Krismasi. Mpeleke wiki hii.