Waraka kwa Wanachama: Msimu wa Ndama wa Nyumbu

Ndugu wahudumu wenzangu wa afya ya mifugo,

Nyumbu wameshaingia mbuga za Simanjiro kuzaa. Tutaitwa kwenye maboma mengi kutazama ng'ombe mwenye homa kali, makamasi mazito na tezi zilizovimba. Nawasihi, kabla hamjafungua chupa ya oksitetrasaikilini, mtazameni macho.

Ukiwa ni ugonjwa wa nyumbu, ukungu mweupe huanzia ukingoni mwa kioo cha jicho, pale mishipa midogo ya damu inapokomea, kisha husogea katikati. Ukungu huo hausafishiki kwa maji. Umetokana na uvimbe, na chembe nyeupe za damu za mnyama mwenyewe zilizotoka mishipani. Mkipasua mzoga, mara nyingi mtakuta madoa meupe kwenye figo. Ni chembe zilezile.

Kirusi chenyewe kilitengwa kutoka kwa nyumbu mwaka 1960 na Walter Plowright na wenzake, Muguga, Kenya. Nyumbu hakimsumbui. Kwa ng'ombe hujificha ndani ya limfosaiti, hasa zile za CD8, ambazo kazi yake ni kuua seli zilizoambukizwa. Zikishaingiliwa huongezeka ovyo, zikazingira mishipa ya damu ya ini, figo, hata ubongo, na kuiharibu. Askari wa boma ndiye anayelichoma. Sasa dawa ya bakteria itamfanya nini? Najua kwa nini tunaichoma: mfugaji aliyetuita anataka kuona sindano. Lakini anauza mbuzi kuilipia, na ng'ombe karibu wote waliougua hufa.

Anzeni na sampuli ya tezi, maana ndigana kali hufanana na ugonjwa huu, nayo ikiwahiwa inatibika. Ikiwa si ndigana na macho yameanza kufifia, mwambieni mwenye ng'ombe ukweli. Asihangaike kumtenga, ng'ombe hamwambukizi mwenzake. Hatari iko kwa ndama wa nyumbu wa chini ya miezi minne, wanaoacha kirusi majanini kwa makamasi na machozi. Wazee hulaumu kondo la nyuma, ila shauri lao la kuhamisha ng'ombe ni sahihi kabisa, tuliunge mkono. Asiyeweza kuhama asubiri jua lipande ndipo afungulie, kwani jua hukiua kirusi haraka. Chanjo iliyojaribiwa hapahapa Simanjiro ilikinga baadhi tu ya ng'ombe.

Kila mzoga, leteni kipande cha figo na cha tezi ndani ya fomalini, vikatwe vyembamba dawa ipenye, na tarehe iandikwe kwa penseli.

Katibu